Kiti cha Karibu na Dirisha

Mume wangu simwiti kwa jina. Huku kwetu milimani mwanamke wa rika langu hamwiti mumewe kwa jina, na mimi sikuona sababu ya kuanza uzeeni. Namwita Baba Anju, kwa jina la binti yetu mkubwa. Wengine walimwita Mheshimiwa, au kaka Sobat, na siku hizi wanamwita msaliti. Jina lake kamili, Sobat Singh Kathait, lilibandikwa kwenye kuta za bonde letu kila uchaguzi ulipofika. Sasa limeandikwa tena kwenye kuta zile zile kwa makaa, na maneno yanayolifuata siwezi kuyarudia mbele za watu.

Magazeti yote yameeleza siku ile ya kura, na hakuna hata moja lililopatia. Mimi nilikuwapo. Acha na mimi niseme.

Baba Anju hakuingia kwenye siasa kwa mali wala kwa ukoo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye koti moja. Pombe ilipokuwa ikiwamaliza wanaume wetu, sisi wanawake tulikwenda kuketi mbele ya duka la pombe tukaziba mlango kwa miili yetu. Wanaume wa bonde walisimama ng'ambo ya barabara wakitutazama kama wanaotazama ngoma. Wawili tu ndio waliovuka wakaketi nasi: yeye, na rafiki yake Chakradhar Dobhal, karani wa posta. Polisi walipokuja waliwabeba hao wawili kwanza. Walilala rumande chini ya blanketi moja, na walipotoka, watu wakataka mmoja wao agombee kiti katika bunge la jimbo. Wakabishana sana, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

"Gombea wewe, kaka," Chakradhar akasema mwishoni. "Wewe unakumbuka majina ya watu. Mimi nakumbuka anwani zao tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mbunge, na akaendelea kuwa mbunge mpaka nywele zikawa nyeupe. Uwaziri hakuupata hata wa kukaimu. Bungeni alikuwa akisimama kuuliza habari za daraja letu la kamba, mpaka spika akawa anacheka akimwona anajishika magoti ili ainuke. Daraja halikujengwa. Lakini alipita njiani akikuita kwa jina, akikuuliza ng'ombe wako amezaa ndama gani na mkweo kiuno kinaendeleaje, na mtu akishaulizwa habari za ng'ombe wake kura ameshaitoa. Chakradhar ndiye aliyepanga mikutano, ndiye aliyegombana na watu wa chama, ndiye aliyelala njaa kwenye malori ya kampeni. Cheo hakupewa na hakuomba. Nilikuwa namwambia mume wangu, huyu mtu tunakula kwa mgongo wake. Naye alijua.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, daktari alituambia, na iliyokwisha kwenda haitarudi. Baba Anju alisema anaona kama anayechungulia ndani ya mwanzi, na mwanzi wenyewe ulizidi kuwa mwembamba kila mwaka. Mwishowe alibaki na mwanga na vivuli. Angekujua wewe ni mtu na si nguzo, basi.

"Liseme hili jambo," nilimwambia. "Humo bungeni mna wanaolala wakikoroma, mna asiyejua hata jina la chama chake cha mwaka huu. Watakushangaa wewe usiyeona?"

"Anayelala chama kinampenda," alinijibu. "Wakijua sioni, tiketi ijayo anapewa mpwa wa mtu, na lile daraja ndiyo basi tena. Nisaidie, Rukma. Nivushe muhula huu tu."

Nikamvusha. Nilikuwa natembea nyuma yake hatua moja, nimejifunika ushungi wa sari mpaka puani, nikimnong'oneza. Jirani wa chini, Bachni, ana fimbo mpya. Huyu ni mtoto wa Mangsiri, amevunjika mkono. Yeye anatamka palepale, kwa sauti ya furaha: "Bachni! Fimbo nzuri hiyo, nani kakuchongea?" Watu walidhani nina adabu za kizamani, kumbe nilikuwa kazini. Tulizoea hivyo mpaka ikawa mimi nikipumua yeye ameshasema, hakuna hata nafasi ya kufikiri katikati. Bungeni alikaa kiti kile kile, hotuba alizishika kwa kichwa usiku, nami nilimsindikiza hadi mlangoni. Tulikuwa hodari. Tulikuwa hodari kupita kiasi, sasa ndiyo naona.

Basi ikafika zamu ya Chakradhar. Kiti kimoja cha Baraza la Juu la bunge la taifa, kule Delhi, kilikuwa wazi, na kiti hicho hupigiwa kura na wabunge wa bunge la jimbo peke yao, si wananchi. Baba Anju alikwenda kwa wakubwa wa chama, akawasemesha, akawakasirikia, safari moja akaketi sakafuni ofisini kwao akagoma kunyanyuka. Wakakubali. Chakradhar akateuliwa. Upande wa serikali ukamteua tajiri mmoja wa tambarare, mwenye viwanda vya saruji, aliyeona milima yetu kwenye kalenda tu. Kura zetu zilitosha, lakini zilitosha kwa shida. Ikipotea moja, Chakradhar ameanguka.

Hiyo kura si ya siri. Mbunge akishaandika namba moja mbele ya jina la anayemtaka, kabla hajatumbukiza karatasi sandukuni, anaifungua mbele ya wakala wa chama chake, ili chama kijue hakikuuzwa. Akiionyesha kwa mtu mwingine yeyote, kura imekufa. Na hapo ndipo wajanja wanapopatia riziki. Mtu anaandika namba kwenye jina la mwenzake wa chama, kama kawaida, kisha anajisahaulisha na kuifungua mbele ya wakala wa upande wa pili. Kura inafutwa, mnunuzi anafurahi, na muuzaji anatoka nje akiapa kwa kichwa cha mama yake kwamba mbona alimpigia mtu wake. Ni ujanja wa siku nyingi, kila mtu anaujua.

Tulifanya mazoezi kwenye chumba chetu cha hosteli ya wabunge. Boksi la biskuti lilikuwa sanduku, na viti vyetu viwili vilikuwa viti vya mawakala. Jina la Chakradhar lilikuwa la juu kwenye karatasi, kwa hiyo kuandika namba hakukutupa shida. Mkono wake unajua kuandika bila macho. Tatizo lilikuwa wakala. Wanasiasa wetu wote huvaa vizibao vyeupe, ukiwaona kwa mbali ni kama kuku wa banda moja. Nikamkaribisha wakala wetu, Lokendra, nikampa chai na mkate wa ulezi, nikamuuliza kama mwanamke mpenda umbea, je, mtaketi wapi?

"Mimi dirishani, mama," alisema huku anatafuna. "Mle ndani joto. Gusain, wakala wa serikali, atakaa upande wa ukutani, afe na joto lake."

Basi tukashika hilo. Ingia, andika, geuka, fuata mwanga.

Kuna jambo moja bado linanichoma. Sheria inamruhusu mbunge asiyeona kuingia na mtu wa kumsaidia. Nililiuliza mwenyewe, nikaambiwa ni suala la kumwambia msimamizi neno moja tu asubuhi. Nilimpigia Baba Anju magoti, akakataa.

"Basi mwambie hata Chakradhar," nilisema. "Kura ni yake."

"Chakra nikimwambia ataacha uchaguzi wake anikimbize hospitali," alisema. "Humjui? Siku ya kwanza ya maisha yake anayopata kitu chake, mimi nimpelekee ugonjwa wangu? Acha apite kwanza. Akishaapishwa nitamwambia, atanitukana, tutacheka."

Siku ya kura niliachwa barazani, pamoja na madereva na waandishi wa habari. Nilimtazama akipanda ngazi peke yake, amenyoosha mgongo, akiwaitikia watu kwa kuzitambua sauti zao. Niliona fahari. Nasema kweli, niliona fahari.

Yaliyotokea ndani alinieleza Lokendra baadaye, akiwa ananitukana. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani moja kwa moja, likimpiga Lokendra machoni. Akamwomba Gusain wabadilishane viti. Gusain ana kofia pana, akasema haya, njoo. Ni hivyo tu. Watu wawili waliobadilishana viti kwa sababu ya jua, kama abiria. Mume wangu akaandika, akageuka, akafuata mwanga, akaifungua karatasi mbele ya pua ya Gusain. Lokendra alikuwa ameinamia glasi ya maji. Alipoinua kichwa akapiga kelele, "Mheshimiwa, unafanya nini!" lakini Gusain alikuwa ameshasoma, na ameshasimama kuweka pingamizi.

Baba Anju alitoka nje uso umempauka. Nilimshika kiwiko kabla hajaikosa ngazi.

"Alikuwa Gusain," alisema. Basi.

Kura ilifutwa, na Chakradhar akaanguka kwa hiyo hiyo moja. Jioni ile tajiri wa saruji alituletea boksi la ladu, vitamu vya kupongezana, na shada la maua, na mleta boksi alikuja pamoja na wapiga picha. Nililitupa boksi barabarani, ladu zikaviringika mpaka mtaroni, lakini picha waliyoitoa gazetini ni ile niliyokuwa nimelipokea. Kisha simu zikaanza kutoka bondeni kwetu. Hizo ndizo zilizomvunja moyo.

"Mzee, hatimaye umekua!" mmoja alimwambia, na alikuwa akicheka kwa mapenzi kabisa. "Miaka yote tunasema kaka Sobat mtu mzuri ila mjinga. Kumbe ulikuwa unangoja bei nzuri! Sasa daraja wanatujengea lini?"

Mume wangu aliiweka simu chini taratibu, akaketi kitandani, akalia kama mtoto. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata wakati wa rumande.

Chama kikamtaka ajieleze. Mimi nikasema twende kwa daktari, tuchukue cheti, tukipeleke, yaishe.

"Cheti!" alisema. "Rukma, kila mbunge anayekamatwa huwa na cheti cha moyo. Nani atakisoma? Chama sikitaki tena. Tiketi wampe huyo mpwa. Namtaka Chakra. Nikimwambia mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, ataamini. Yeye ananijua."

Na hilo hata mimi niliamini. Chakradhar alikuwa hapokei simu zetu, kwa hiyo tukakodi gari tukapanda hadi kijijini kwake. Tulifika mchana. Uwanja wa nyumba yake ulikuwa umejaa watu wa chama waliokuja kumpa pole, wameshika vikombe vya chai. Tuliposhuka wote wakatugeukia. Nilimnong'oneza: yuko barazani, kwenye kitanda cha kamba, amenyoa, amekonda, hatutazami.

"Shemeji," Chakradhar alisema, "wewe nakuheshimu. Ingia ndani, mke wangu atakupa chai. Huyo aliyekuja nawe sina la kusema naye."

"Nina neno moja, Chakra," Baba Anju alisema. "Nikishalisema nitaondoka."

"Sema basi. Wote hawa wanasikia, si mimi peke yangu uliyeniuza."

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni kitu. Macho yamekwisha, mwaka wa ngapi sasa. Nilifuata mwanga wa dirishani, nikadhani ni Lokendra. Hapa nilipo sikuoni wewe. Naona giza la baraza tu."

Kwa muda mfupi nilimwona Chakradhar akiinua kichwa, uso wake umefunguka. Alitaka kuamini. Nitaapa popote kwamba alitaka. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka.

"Kipofu! Juzi sokoni aliniita kwa jina toka ng'ambo ya barabara, akanipongeza kwa saa yangu mpya!"

"Mimi alinisema nimenyoa masharubu!"

"Mimi aliniambia ng'ombe wangu anachechemea, na kweli anachechemea!"

"Ni mimi niliyemnong'oneza!" nilipiga kelele. "Yote hayo ni mimi! Nilikuwa nyuma yake!"

Walinicheka na mimi. Kijana mmoja wa chama, aliyevaa miwani myeusi, akasema mama anajitahidi, apewe naye tiketi. Chakradhar hakucheka. Alikuwa akimtazama mume wangu, na uso ule uliofunguka ulikuwa unaanza kufungika.

"Mwezi wa Phalgun, baridi ikiisha," alisema polepole, "ulikuja hapa kwangu. Ukasema, Chakra, hilo shati limekuchakaa, ukiwa mheshimiwa nitakununulia jingine. Ulilionaje shati langu, kaka?"

"Rukma aliniambia."

"Na mjukuu wangu, uliyemwambia ashuke mtini?"

"Rukma."

"Rukma." Alinigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shemeji, kama ni kweli, kwa nini sikuambiwa? Mimi ndiye wa kufichwa?"

Baba Anju akafungua mdomo, lakini yule wa miwani akaruka mbele. "Rahisi tu! Mpimeni! Mzee Chakradhar, mnyooshee vidole, tuone!"

Uwanja wote ukalipenda hilo. Chakradhar alisita. Halafu akanyanyuka, akashuka ngazi za baraza, akasimama mbele ya rafiki yake, karibu sana, akainua mkono. Haukuwa mkono wa dhihaka. Alikuwa anamwomba ashindwe.

"Vingapi, kaka?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Mimi nilikuwa nyuma yake hatua moja, ushungi mpaka puani. Sikufikiri. Naapa kwa wanangu sikufikiri. Pumzi ilinitoka yenyewe kama ilivyonitoka sokoni, harusini, misibani, miaka yote ile.

Vitatu.

Na yeye, kwa sauti ile ile nzuri ya kumsalimu mtu njiani, akasema palepale, "Vitatu."

Kicheko kilichopasuka pale uwanjani sitakisahau. Vikombe viligongana. Kuna aliyeketi chini kwa kucheka. Nilijaribu kusema, nilijaribu kumshika Chakradhar mkono, nikamwambia ni mimi, ni mimi tena, sasa hivi, hukunisikia? Hakunisikia. Hakuna aliyewahi kunisikia, ndivyo tulivyojifunza.

Baba Anju hakujitetea. Alisimama akigeuza kichwa huku na huku kukifuata kile kicheko, na ndipo nikaona kwamba ameelewa alichosema. Nilimwongoza hadi kwenye gari. Dereva naye alikuwa anauma mdomo asicheke.

Tulishuka kona nyingi za mlima. Mimi nilikuwa nalia ndani ya ushungi, yeye ameweka mikono magotini. Nilingoja anilaumu, na ningefurahi kulaumiwa.

"Chakra naye alicheka?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Alifanya nini?"

Nilifikiri nimdanganye. Lakini sikuwahi kumdanganya kwa kitu nilichokiona, hata siku moja, na hicho ndicho pekee tulichobaki nacho.

"Alibaki amenyoosha mkono," nilimwambia. "Watu wote wanacheka, yeye bado amenyoosha vile vidole mbele ya uso wako. Kisha akavikunja, akaingia ndani, akafunga mlango."